Ni Nani Aliyetoa Sadaka?



Mwezi uliopita alinijia nyumbani kijana mmoja wa usharika wetu hapa Ushetu, ambaye kwa miaka mingi amekaa machimboni upande wa Geita akitafuta dhahabu. Nalimjua tangu alipokuwa mtoto wa shule. Akaniamkia, "Shikamoo, Baba Mchungaji," nami nikamwitikia, tukaketi chini ya mwembe. Akanywa maji, akauliza habari za tumbaku ya mwaka huu, na habari za wazee waliofariki alipokuwa mbali. Kisha akanyamaza kitambo, akasema neno ambalo halijaniacha tangu siku ile. Alisema, "Mwaka ule mlisema, Tumekataa kwenda. Mimi sikukataa."

Yafaa nieleze habari yenyewe, maana lawama yake ni yangu, wala si ya mwingine. Mwaka 2009 nalikuwa mchungaji kijana, nami nalikuwa mmoja wa wazee walioketi katika kamati ya shule moja ya huku kwetu. Watoto walikuwa wamechaguliwa kwenda mjini Kahama kwenye michezo ya shule. Siku mbili kabla ya safari ikaletwa habari kwamba lori ni moja, na kwamba watachukuliwa wavulana tu. Wasichana wabaki, hata wale walioshinda. Twalikasirika, na hasira yetu ilikuwa ya haki. Mimi mwenyewe nalisimama nikasema kwamba ikiwa binti zetu hawaendi, basi asiende mtoto hata mmoja. Wazee wote wakakubali. Mwaka uliofuata wasichana wakachukuliwa pamoja na wavulana, nasi tukajisifu kwamba tumeshinda.

Kijana huyu ndiye aliyekuwa mkimbiaji wetu wa mita 1,500. Alikuwa Darasa la Saba, kwa hiyo hapakuwa na mwaka mwingine kwake. Hakuna aliyemwita kumwuliza neno. Aliambiwa na mtoto mwenzake njiani, akiwa amebeba kuni.

Basi swali lililo mbele yetu si kama kukataa kule kulikuwa kwema. Mimi naamini hata leo kwamba kulikuwa kwema. Swali ni hili: watu wanapotoa sadaka kwa ajili ya haki, na kitu kinachotolewa ni cha mtu mwingine, ni nani aliyetoa? Na yule aliyetolewa kitu chake, twamwia nini?

Mimi ndimi niliyewafundisha watoto wale habari za Filbert Bayi. Nalikuwa nikiwasimulia jioni walipomaliza mazoezi, nao wakipenda sana. Lakini nalisimulia nusu tu ya habari, ile nusu yenye shangwe. Leo nataka kusimulia yote.

Bayi alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye jina lake lilikuwa kubwa duniani kote. Zamani hizo desturi ya mbio za mita 1,500 ilikuwa wakimbiaji waende pamoja, wakivizana, kila mtu akiogopa kutangulia, mpaka mzunguko wa mwisho ndipo waachane kwa nguvu. Bayi hakuifuata desturi hiyo. Bastola ikilia, yeye hutoka mbele akaenda zake, naye atakaye amfuate. Waliojua mchezo walisema atachoka. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch katika nchi ya New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele hivyo hivyo, hakupitwa na mtu, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hapakuwa na mwanadamu aliyewahi kukimbia mwendo ule kwa upesi kama huo. Nyuma yake alikuja kijana wa nchi ile ile ya New Zealand, John Walker, kwa sekunde 32.5, naye pia alikuwa ameipita rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu mwaka 1967. Fikirini, ndugu: mtu anaivunja rekodi ya dunia, lakini hata hivyo anakuwa wa pili.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliivunja na rekodi ya maili moja, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Haikupita miezi mitatu, Walker akaitwaa rekodi hiyo ya maili. Akawa mtu wa kwanza kuikimbia chini ya dakika 3 na sekunde 50. Basi mmoja ana rekodi ya mita 1,500, mwenzake ana rekodi ya maili, na mbele yao kuna Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Kanada, mwezi wa Julai 1976. Watu wa dunia nzima walikuwa wakiingoja siku hiyo.

Siku hiyo haikuja. Katika mwaka ule wa 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini kucheza na Makaburu. Nanyi mwajua mwaka ule ulikuwa mwaka gani: tarehe 16 Juni, huko Soweto, watoto wa shule waliandamana kwa kuwa hawakutaka kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Damu ya watoto haijakauka, na wageni wanakuja kucheza mpira. Nchi za Afrika zikataka New Zealand itolewe katika Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo jambo hilo haliwahusu. Ndipo nchi zaidi ya 20, nyingi sana za Afrika, zikajitoa. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, wala haikuweza kuwa vinginevyo, maana Dar es Salaam ndiko yalikokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru walikuwa wakila ugali wetu na kulala chini ya paa zetu.

Walker akakimbia Montreal, Bayi hayupo, akashinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Msomaji aweza kutoa hesabu mwenyewe na kuona tofauti ya mwendo huo na ule wa Christchurch. Simdharau Walker, mbio za Olimpiki hukimbiwa kwa hila na subira, na mshindi ni yule aliyefika kwanza. Lakini rekodi ya dunia ya mita 1,500 ilikuwa bado mikononi mwa Bayi siku ile, nayo ilikaa mikononi mwake mpaka Agosti 1979, alipoichukua Mwingereza Sebastian Coe.

Nusu hiyo ya pili ndiyo niliyowaficha watoto, si kwa kusudi baya, bali kwa kuwa haikunipa neno la kuwatia moyo. Labda kama ningaliisimulia, mimi mwenyewe ningalijifunza kitu kabla ya mwaka 2009.

Sasa nasikia mtu akisema: Je, wataka kusema Tanzania ilikosea? La, sisemi hivyo. Mwaka 1977 nchi za Jumuiya ya Madola zilipatana huko Gleneagles, Uskoti, kuzuia michezo na Afrika Kusini, nazo hazingalifika huko kama viwanja vya Montreal visingalikuwa na nafasi tupu. Afrika Kusini haikurudi katika Olimpiki mpaka mwaka 1992, na mwaka 1994 watu wake wote wakapiga kura. Sisemi kwamba ubaguzi ule uliangushwa na michezo. Uliangushwa na mengi, na zaidi na wale waliokufa na waliofungwa. Lakini kukataa kule kulikuwa jiwe moja katika nyumba iliyojengwa. Ningalikuwa mimi mwenye kuamua, ningaliamua vivyo hivyo.

Ila nchi haina miguu. Nchi ilisema, "Tumekataa," nayo ikapata sifa ya kukataa. Lakini kitu kilichowekwa madhabahuni kilikuwa miguu na mapafu ya vijana wachache, na ile miaka michache ambayo mwili wa mwanadamu huwa katika kilele chake. Huku kwetu wageni wakubwa wakija kijijini huchinjwa ng'ombe. Kila mtu husema baadaye, "Tuliwapokea vizuri." Naam, mliwapokea; lakini zizi lililopungua ni la mtu mmoja. Wazee wenye busara humkumbuka mwenye zizi, na wasio na busara husahau kabla mifupa haijatupwa.

Wako watakaosema kwamba Bayi alikuwa mtumishi wa nchi; nchi ndiyo iliyomtuma, jezi aliyovaa ni ya nchi, kwa hiyo nchi ilikuwa na haki ya kumzuia. Nakubali. Mwenye haki ya kutuma ana haki ya kuzuia. Lakini haki ya kutwaa si sawa na kusamehewa deni. Baba ana haki ya kumwondoa mwanawe shuleni akamwuguze mama yake aliye mgonjwa, na huenda afanya vema. Ila akisema baadaye, "Mimi nalimtunza mke wangu," bila kumtaja yule mtoto aliyeacha masomo, twajua kwamba amesema uongo, ingawa maneno yake yote ni kweli.

Wengine husema kwamba mwaka ule Bayi alikuwa ameugua malaria, na labda asingaliweza kumshinda Walker. Huenda ni kweli. Lakini wasemao hivyo wanadhani kwamba kilichotwaliwa ni medali. Medali hakuwa nayo bado, na mtu hawezi kunyang'anywa asicho nacho. Alichokuwa nacho ni nafasi ya kusimama mstarini na kujua. Kushindwa nako ni mali. Aliyeshindwa anajua alipo. Aliyezuiwa hajui, wala hatajua kamwe, na kila mtu atamjulisha kwa kukisia.

Hapa nataka kumleta mtu mwingine, Mmarekani mweusi, mcheza tenisi, yule mchezo wa kupigiana mpira kwa raketi juu ya wavu. Jina lake Arthur Ashe. Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943, katika mji ambao viwanja vizuri vilikuwa vya Wazungu peke yao. Alishinda mashindano makuu ya Marekani mwaka 1968, na mwaka 1975 akamshinda Jimmy Connors katika fainali ya Wimbledon, Uingereza, jambo ambalo hapakuwa na mwanamume mweusi aliyelifanya kabla yake. Naye pia alikutana na mlango wa Afrika Kusini, lakini kwa njia nyingine. Aliomba ruhusa ya kwenda kucheza huko, akanyimwa kwa sababu ya maneno aliyoyasema juu ya ubaguzi. Akaomba tena, mwaka 1973 akaruhusiwa. Weusi wenzake wengi walimwambia asiende, maana akienda atawapa Makaburu sifa wasiyostahili. Yeye aliona ni heri watu weusi wa kule wamwone mtu mweusi aliye huru akisimama uwanjani, akataka watazamaji wasitengwe kwa rangi. Akaenda. Katika fainali ya mchezaji mmoja mmoja Connors alimshinda. Katika mchezo wa wawili wawili alishinda pamoja na Tom Okker wa Uholanzi.

Baadaye Ashe aligeuza nia. Aliona kwamba kutengwa ndiko kutakakoiuma serikali ile, akawa mmoja wa waliowasihi wachezaji na waimbaji wasiende Afrika Kusini, na mwaka 1985 alikamatwa mjini Washington alipoandamana mbele ya ubalozi wa nchi hiyo. Alikuwa ameacha mchezo tangu mwaka 1980 kwa ugonjwa wa moyo. Damu aliyoongezewa hospitalini ilikuwa na virusi vya Ukimwi, akafa tarehe 6 Februari 1993; lakini aliishi mpaka akamwona Mandela yuko nje ya gereza.

Labda Ashe alikosea mwaka 1973. Mimi naona alikosea. Lakini kosa lilikuwa lake, na kugeuka kulikuwa kwake. Aliyekwenda ni yeye, na baadaye aliyekataa ni yeye. Aliwekewa njia mbili, akatembea zote mbili kwa miguu yake mwenyewe, na mtu akimsifu au kumlaumu, amepata wa kumsifu au kumlaumu. Bayi hakuwekewa njia yoyote. Hata kama moyoni mwake alikubali kabisa, na huenda alikubali, maana alikuwa mtu wa Afrika na alijua mambo ya Soweto kama sisi sote, kukubali kwake hakukuhitajiwa. Tena tenisi ni kazi ya mtu mwenyewe. Aliyekosa Wimbledon mwaka huu atakwenda mwaka ujao. Olimpiki ni baada ya miaka minne, na katika miaka minne mkimbiaji huwa mtu mwingine.

Mtu aweza kunijibu kwamba Bayi hakuharibikiwa. Ni kweli. Mwaka 1980 alikwenda Moscow, safari hii katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akaongoza kama desturi yake, akawaacha wote mbali, mpaka mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Polandi alipomfikia na kumpita. Akapata medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha katika mita 5,000, na hizo mbili ndizo medali za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hata leo. Baada ya kuacha mbio Bayi alisoma Marekani, akarudi, akawa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania kwa miaka mingi, na pamoja na mkewe akajenga shule, huko Kimara, Dar es Salaam, na huko Kibaha. Mtu aliyezuiwa kukimbia amewafungulia watoto wengi njia. Naifurahia sana habari hiyo. Ila nasikia jinsi inavyotumiwa: "Unaona, mwisho wake ulikuwa mwema, basi hapana neno." Ndugu, shule hizo amezijenga yeye, kwa akili yake na jasho lake. Tusijilipie deni letu kwa jasho la mdai.

Waalimu na wainjilisti wanaijua habari ya Yeftha katika Waamuzi 11. Nadhiri ilikuwa ya baba, aliyelipa ni binti. Twaisoma habari hiyo kwa hofu, na ni haki kuogopa, wala siilinganishi na mbio za miguu. Lakini mwisho wake kuna jambo dogo ambalo huwa tunalipita upesi: binti za Israeli walikuwa wakienda kila mwaka siku nne kumwombolezea yule binti. Hawakumwombolezea Yeftha kwa uchungu alioupata, wala hawakumsifu kwa kuitimiza ahadi. Walijua ni nani aliyetoa.

Wiki iliyopita, katika kikao cha wazee, lilikuja jambo lingine la namna hii: kwaya yetu izuiwe kwenda mahali fulani kwa sababu ambayo sitaieleza hapa, nayo ni sababu njema. Nikaomba kwamba kabla ya kuamua waitwe waimbaji wenyewe, na hasa yule mama aliyetunga wimbo, naye ni mgonjwa na huenda asiimbe mwakani. Mzee mmoja akasema kwamba wakiulizwa watakataa, na haki itapotea. Sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Ni kweli kwamba ukimwuliza mtu, aweza kukujibu usilolitaka. Nalisema tu kwamba nimekwisha kuamua bila kuuliza mara moja katika maisha yangu, na kwamba nimeletewa hesabu yake. Wakaitwa. Baadhi yao wakalia. Yule mama akasema tusiende. Ila alisema yeye.

Nami sijawaambia bado nilivyomjibu yule kijana chini ya mwembe. Mwanzoni nalianza kujitetea. Nikamweleza habari za lori, na za wasichana, na za mwaka uliofuata. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Hayo nayajua, Baba Mchungaji. Dada yangu alikwenda mwaka ule uliofuata." Ndipo nikaona aibu. Nikamwambia, "Ni kweli, mwanangu. Wewe hukukataa. Nalikataa mimi, kwa mbio zako, wala sikukuuliza, wala sikukushukuru."

Akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole. Kisha akaniuliza kama namkumbuka mtoto aliyeshinda mita 1,500 mjini Kahama siku ile. Sikumjua, wala sikuwahi kuuliza. Yeye alimjua. Akanitajia jina lake na shule yake, na dakika alizotumia. Na dakika hizo, alisema, yeye alikuwa akizipita kila Jumamosi jioni, peku, katika njia ya mashambani.